Boksi la Kenya na Boksi la Tanzania

Wifi yangu ndiye aliyeniambia kwanza: mayai ya kupeleka Maswa yafungwe kwenye boksi la Kenya, la Tanzania litapasuka.

Muuza maboksi wa sokoni Bariadi ana rundo refu. Ya chini yameandikwa Kenya, ya juu Tanzania. Niliona haya kuuliza. Bibi mmoja akaniwahi.

"Lipi gumu?"

Muuzaji akakunjua mawili. "Yakalie, mayu," akamwambia bibi kwa heshima ya Kisukuma.

La Tanzania likamhimili. La Kenya likabonyea naye hadi chini.

"Hilo limelala hapo miaka," muuzaji akacheka. "Zamani yote yalitoka Kenya, siku hizi tunaletewa ya hapa hapa."

"Kumbe limezeeka tu, kama mimi!"

Na ushauri wa wifi pia. Nikachukua la Tanzania.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kupanga mayai, nilifunga mlango nikalikalia.