Picha Ilitembea, Sauti Ikakataa

Msimu ule nilitembea na mama yangu ndani ya simu. Mdomo wake ulifunguka na kufungika, mkono wake ulipanda na kushuka, lakini neno hata moja halikutoka. Nilimwangalia sokoni kati ya mteja na mteja. Nilimwangalia jikoni mpaka mboga ikaungua. Kanisani simu ilikuwa kwa mkoba, na bado mawazo yangu yalikuwa kwa mkoba.

Mama iko Ludara, upande wa Koboko. Mimi naishi Arua, nauza vitenge, na jioni nakwenda darasa la watu wazima kujifunza kusoma Kiingereza vizuri. Binti yangu mkubwa anafanya kazi Kampala. Mwaka ule alipata mchumba, kijana wa familia ya Wakongo waliokaa Arua muda mrefu, watu wa kanisa, wanauza maharage na mafuta ya mawese. Baba ya binti yangu alishafariki, kwa hiyo ndugu yangu mkubwa, anayeishi Midia, ndiye alikuwa akae mbele siku wageni wanakuja. Mjomba asipokaa, wageni wanarudi na mbuzi zao.

Ndugu yangu hakupenda. Hakuwa na neno baya juu ya kijana mwenyewe. Aliogopa tu mpaka. Alisema watampeleka msichana ng'ambo kwa watu wao, akiugua sisi tutasikia wakati amezikwa. Lakini alisema pia kwamba mama akibariki, yeye hataweka mguu mbele ya neno la mama.

Kwetu bibi anabariki mjukuu na maji. Anajaza mdomo, ananyunyiza juu ya mtoto aliyepiga magoti, halafu anasema maneno yake. Binti hakupata ruhusa ya kusafiri. Basi mama akamwita jirani yake, mwanamke anayevuka mpaka na biashara, amchukue video. Nilimpigia mama siku ile kumuuliza kama kweli anataka hivyo. Akacheka. Akasema kama simu inaweza kubeba sura yake mpaka Kampala, itabeba na maji.

Ndiyo maneno ya mwisho nilisikia kwake. Siku chache baadaye mama alianguka shambani. Upande mmoja wa mwili ukalala, na ulimi ukalala pamoja nao. Tulimpeleka hospitali ya Kuluva, wakamtunza vizuri, akarudi nyumbani anakula, anatambua watu, anakamata mkono wako kwa nguvu. Kusema, hapana; siku zile hata ukimuuliza ndiyo au hapana, anakuangalia tu.

Memori kadi ya jirani ilinifikia baada ya hapo, imefungwa kwa karatasi ndani ya mfuko wa unga. Jirani mwenyewe alikuwa ameshavuka kwenda kununua mali, na laini yake haikushika. Nikaweka kadi kwa simu yangu. Simu ikaandika kwamba video hii haiwezi kufunguka. Ilichukuliwa na simu moja ya zamani, zile zenye spika za kelele, na simu yangu haikujua lugha yake. Nikajaribu kadi kwa simu ndogo ya jirani yangu wa Arua. Hiyo ikakataa hata kuisoma.

Mwenzangu wa sokoni akasema, tafuta app nyingine ya kucheza video, ziko nyingi. Kweli, ziko nyingi kama nyanya za msimu. Kila moja inasema yenyewe ndiyo bora. Nikachagua moja yenye nyota nyingi, nikaiweka, nikabonyeza. Mama akatokea.

Nilikaa chini palepale juu ya mzigo wa vitenge. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani, amekaa kwa kiti kidogo mbele ya nyumba, mkeka wenye ufuta, sisi tunauita simsim, umeanikwa nyuma yake. Anasema kitu, anaangalia simu. Anachukua kikombe, anajaza mdomo. Halafu anageuza kichwa, anatema maji chini, pembeni. Anapunga mkono kwa nguvu, uso umekunjwa. Anarudi kuangalia simu, anafungua mdomo, na picha inakatika.

Sauti haikuwepo. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Nikaweka sikio. Nikatoa kadi, nikapangusa na kitenge, nikarudisha. Kimya.

Wiki ile ndugu yangu alikuja Arua kununua mabati. Nikamwonyesha, na mpaka leo najiuliza haraka ile ilitoka wapi. Aliangalia mara moja, akaangalia tena, akanirudishia simu polepole.

“Mama amekataa,” akasema. “Baraka inakwenda juu ya mutu. Hii maji alitema chini, na mukono anafukuza.”

Nikamwambia hatujui anasema nini. Akasema hapana haja ya kujua, macho iko. Nikamwambia nitapata sauti. Ndipo alisema neno lililonikaa mwilini kama mwiba:

“Sauti gani, dada? Siku hizi simu naweka maneno kwa mudomo ya mutu. Wewe iko nataka hii ndoa. Utaniletea sauti, mimi nitajua namna gani ni ya mama?”

 Akapanda gari na mabati yake.

Siku ya wageni ilikuwa imeshatajwa. Wajomba wakisikia mama amekataa, hakuna mtu angekaa. Binti alipiga simu kila jioni na mimi nilimwambia bibi yako iko salama, nikabadilisha maneno.

Siku ya sala ya akina mama nilipeleka shida yangu kwa wenzangu. Tunakutana nyuma ya kanisa, tunaimba kidogo, kila mtu anataja mzigo wake. Nilitaka waone mama, tumwombee ulimi wake urudi. Nikainua simu, wote wakasogea, vichwa vimefungwa vitambaa, macho yamejaa huruma. Nikabonyeza. Kabla ya mama, wakatokea wasichana watatu wa chupi wanatikisa mwili, na maandishi ya kubeti mpira. Nikabonyeza kufunga, ikafunguka kubwa zaidi. Na hiyo, kumbe, ilikuwa na sauti.

Mzee mmoja wa kikundi chetu, mjane asiyecheka ovyo, akaniuliza, “Mama, hii ndiyo watu ya Ludara?”

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, lakini nyumbani niliifuta app ile kwa hasira, halafu nikairudisha, sababu bila yenyewe mama hayupo kabisa. Nikaifuta tena.

Nikaenda kwa fundi wa simu. Huyu anajua kazi yake, sisemi vibaya. Akasema app za dukani ni za watoto, yeye iko na moja inayocheza kila kitu, atanirushia kwa blututhi. Akairusha. Simu yangu ikaonya kwamba kitu hiki hakitoki dukani, kinaweza kudhuru. Akapita juu ya onyo kama mtu anaruka maji ya mtaro. Halafu app yenyewe ikaanza kuomba. Nikamwambia lete simu nisome. Kiingereza changu ni cha polepole, nasoma na kidole, neno kwa neno. Inaomba kuona majina ya watu wangu. Inaomba kusoma meseji. Inaomba kusikiliza. Inaomba kujua niko wapi.

Fundi alikuwa na watu wengine wanangoja.

“Kubali tu, mama. Wote wanabonyeza.”

“Mimi nataka kusikia mama yangu. Kwa nini hii app inataka kunisikia mimi?”

“Mama, wewe iko na siri gani ya vitenge?”

Wale wanaongoja wakacheka. Kidole changu kilikuwa juu ya neno la kukubali. Labda sauti ilikuwa pale, nyuma ya hilo neno moja. Lakini kwa simu ile kulikuwa na namba za akina mama wa sala, na meseji za watu walioniandikia shida zao, ugonjwa, mume, mtoto. Hao hawakumwambia fundi. Hawakuiambia hiyo app. Waliniambia mimi. Nikatoa kidole, nikamwomba aitoe. Akasema basi aweke kadi kwa simu yake, tusikie hapohapo. Hapo ndipo niliogopa zaidi. Kama mama alikataa kweli, soko lisikie kabla ya binti yangu? Nikachukua kadi yangu nikaondoka.

Nilitembea bila kujua nakwenda wapi. Nilizunguka stendi, nikarudi, nikazunguka tena. Niliomba nikitembea, na sala yenyewe haikukaa mahali pamoja, iliruka kutoka kwa mama kwenda kwa binti kwenda kwa ndugu yangu.

Aliyenisaidia alikuwa mwimbaji wa kwaya, Mkongo, tunasoma naye darasa la jioni. Aliniona nafungua na kufunga simu chini ya dawati, akaniuliza nina nini. Nikamwambia yote isipokuwa habari ya mchumba. Akatoa simu yake, akanionyesha app anayotumia kuangalia kwaya zao za kule, zingine zimechukuliwa na simu za ajabu.

“Hii yangu haiombake kitu, yaya,” akasema, kwao yaya ni dada mkubwa. “Haina matangazo. Zima data, itacheza.”

Iko dukani, bure. Sikumwamini siku ileile. Niliiweka, nikasoma kila mstari. Iliomba kuona video tu. Nikazima data, nikacheza kwanza video ya ubatizo, halafu ya kwaya yetu. Nikaangalia kama simu inapata moto, kama chaji inakimbia, kama kuna meseji ngeni. Nikaiacha ikae kwangu kama msichana mgeni wa kazi, naiangalia kwa pembe ya jicho. Mwisho nikaweka kadi, nikabonyeza.

Nikasikia kuku.

Kuku wa mama, nyuma ya nyumba. Kisha mtu anakohoa. Nikabonyeza kusimamisha haraka. Sauti ilikuwepo. Na palepale neno la ndugu yangu likarudi: nitajua namna gani ni ya mama? Nikisikia mimi kwanza, ataona kwa uso wangu kwamba nimesikia. Atasema sauti nimeipanga mimi. Nikazima simu. Nilitaka kusikia mpaka meno yaliuma, na sikusikia.

Binti alipata ruhusa, akaja. Jumapili baada ya ibada tulipanda gari la Koboko, halafu boda mpaka Ludara. Njia yote simu ilikuwa kifuani, ndani ya kitambaa. Binti aliuliza kwa nini sisemi. Nilimpigia ndugu yangu tangu jana yake nikamwambia aje, na kwamba mimi sijasikia. Alikuja na baiskeli, amevaa koti la kanisa, hakukaa.

Mama alikuwa kwa mkeka mbele ya nyumba, mgongo umeegemea ukuta. Nikamwambia ndugu yangu, “Ulisema hutajua kama ni sauti ya mama. Mama iko hapa. Tuangalie uso yake.”

Nikaweka simu juu ya kiti kile kidogo, mbele ya mama, nikabonyeza.

Kuku. Mtu anakohoa. Halafu mama yangu, kwa Kikakwa, sauti yake nzima, ile ya kuita watu kutoka mbali: anauliza jirani kama simu imeanza, anasema ngoja kwanza, asafishe mdomo, alikuwa na tumbaku, mtu habariki mtoto na mdomo wa tumbaku. Maji yakatemwa. Halafu akapiga kelele kwa mbuzi: toka kwa simsim yangu, wewe mwizi. Ndiyo mkono ule. Halafu akarudi, sauti imekuwa laini, akataja binti yangu kwa jina la utoto, akasema sasa sogea. Na video ikakatika, kadi ilikuwa imejaa.

 Ndugu yangu aliangalia mahali mbuzi anafungwa. Mama aliposikia sauti yake, jicho la upande mzima lilifunguka kubwa, na video ilipofika kwa mbuzi, mabega yake yalitikisika. Alikuwa anacheka. Ndugu yangu aliona, hakuna jinsi ya kutoona.

Lakini akasema, na alisema haki, “Baraka yenyewe haiko ndani.”

Nilijua. Nilikuwa nimeshikilia kiti. Njia yote ile, app zote zile, na tulipata mama anasukutua mdomo. Nikaanza kusema kitu, sijui nini, na mama akapiga mkeka na mkono wake mzima. Akapiga tena. Akaonyesha mtungi.

Ndugu yangu ndiye alielewa kabla yetu sote. Alikwenda mwenyewe, akachota kikombe, akapiga magoti na koti lake, akamwekea mama mdomoni. Mama alisukutua kidogo, akatema pembeni, juu ya kiatu cha ndugu yangu. Akafungua mdomo tena. Mara ya pili aliyashika maji. Mkono ukaita.

Binti yangu akasogea na magoti mpaka karibu kabisa. Mama hakuweza kunyunyiza, upande mmoja wa mdomo hauna nguvu. Maji yalimwagika tu, polepole, kwa kidevu chake na juu ya kichwa cha binti, na mkono ukafuata ukayapangusa mpaka shingoni. Maneno hayakuwepo. Sikuyatafuta.

Ndugu yangu alibaki amepiga magoti na kikombe. Baadaye aliniuliza wageni wanakuja saa ngapi, na kama huyo kijana anakunywa chai au soda. Akaniomba nicheze tena pale kwa mbuzi. Mama alitaka pia. Tulicheza mpaka chaji ikaisha.