Fundi wa Milango Aliyepita Dirishani

Manase Mtweve ni fundi seremala wa Njombe. Kwa miaka miwili aliwatengenezea watu milango huku nyumbani kwake akiingia kwa dirisha.

Ilianzia Makambako, alikokwenda kutafuta mbao. Palikuwa na mkutano wa hema, na nabii mmoja akamnyooshea kidole katikati ya watu. "Mlango wako umekaliwa na mizimu ya ukoo. Ukipita pale, baraka zinabaki nje."

Manase alikuwa Mlutheri wa kuzaliwa, lakini mwaka ule alikuwa amefiwa na mama yake, na mgongo ulikuwa unamsumbua. Akarudi Njombe, akang'oa nondo na vioo vya dirisha la sebuleni, akaweka kigoda nje na kingine ndani.

Mkewe, Nelly, aliendelea kupita mlangoni.

"Na wewe je?" Manase alimuuliza.

"Mimi nabii hakunitaja, baba Remmy."

Wakaishi hivyo. Baridi ya mwezi wa saba iliwakuta wakila ugali wamejifunika mablanketi, maana dirisha lilikuwa halifungiki tena. Mgongo ukazidi kuuma kwa kuparamia ukuta kila siku. Manase akaona ni ushahidi kwamba mizimu imekasirika.

Kisha zamu ya ibada ya jumuiya ikafika kwake. Mwinjilisti Tabea, mama mnene wa miaka sitini na kitu, alimkuta amesimama dirishani akikaribisha wageni.

"Kamwene, mama mwinjilisti. Samahani, tunapita huku."

Tabea akautazama mlango uliokuwa wazi, akalitazama dirisha. "Mwenye nyumba akipita huku, mgeni ni nani achague njia?" Akavua viatu, akapanda kigoda. Kichwa kikapita, mabega yakapita, kiuno kikagoma.

Manase akamvuta mikono kutoka ndani. Hakusogea. Wanajumuiya waliobaki nje wakawa wanatazama kitenge tu.

"Tuanze ibada," Tabea alisema. "Nikikwama nimekwama."

Wakaimba pande zote mbili za ukuta. Neno la siku hiyo lilikuwa Paulo akiwaambia Wagalatia kwamba Kristo amewaweka huru, wasikubali kunaswa tena. Tabea alilisoma akiwa amening'inia, Biblia ikiwa juu ya kochi. Hakuna aliyecheka.

"Manase," akasema, "mimi nimenaswa. Leta msumeno."

"Uko nje, karakanani."

Nelly akainuka kwenda kuuleta. Tabea akamzuia. "Wewe kaa, mwanangu, na walio nje msisogee. Fundi ni mumeo."

"Dirisha umeliziba, mama," Manase alisema. "Na nabii alisema mlango ule..."

"Mimi namjua mmoja tu aliyejiita mlango. Hakujiita dirisha. Nenda, mbavu zinaniuma."

Manase akasimama kizingitini, jasho linamtoka. Tabea akaguna kwa maumivu, naye akatoka mbio. Akarudi na msumeno, akafuata patasi, akafuata nyundo, akafuata mafuta ya kula kwenye jiko la nje. Fremu ilipokatika na Tabea kuangukia kochi, Nelly akamwambia mumewe, "Umepita mlangoni mara nane."

Manase akakaa sakafuni akalia. Baadaye alisema alijisikia kama mtu aliyevuliwa koti la mwenzake, tena lililolowa mvua.

Woga haukuisha siku ile. Wiki kadhaa alisimama pale mlangoni kila asubuhi, akaomba, ndipo akavuka. Mgongo alikwenda kuutibu hospitali.

Mwaka huu nabii wa Makambako amejenga kanisa, na akamwagiza Manase milango miwili ya mninga. Manase akaitengeneza vizuri, akaenda kuifunga mwenyewe. Alipomaliza, nabii akamvuta pembeni.

"Fundi, unaweza kunitobolea kamlango kadogo kule nyuma? Kuna nabii mkubwa kuliko mimi, ameniambia huu wa mbele nisiupite."

Manase akaweka randa chini. Wakakaa juu ya mbao, akamsimulia yote, hata habari ya kitenge. Mwisho nabii akauliza jumuiya yao inasali siku gani.

"Alhamisi, saa moja asubuhi," Manase alisema. "Karibu sana, baba."