Njia ya Kupanda Mlima Ng'wabita

Iko siku moja mwanangu ambayo hainitoki kichwani: siku niliyosimama katikati ya mbuga nyeusi, tope limenifika magotini, gari limezama, na mzee mwenye heshima zake anatoa kiatu chake matopeni kwa mikono miwili. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Nakusimulia leo nikiwa nacheka, lakini siku ile sikucheka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Bariadi wakati huo ilikuwa wilaya ndani ya mkoa wa Shinyanga, Simiyu haijazaliwa. Nilikuwa karani katika ofisi ya utamaduni, msichana wa kwanza kukaa kwenye meza ile, na nilijua kusoma ramani. Nilijivunia sana kusoma ramani. Hata usingeniuliza, ningekueleza.

Mashariki kwetu, mbali kabisa na barabara kubwa, uko mlima tunaouita Ng'wabita. Ni mlima wa mawe makubwa yaliyopandana, na juu yake kuna pango lenye michoro ya watu wa kale. Sisi wa mjini tulikuwa tumesikia habari zake tu. Sasa ikatokea kampuni moja ya kokoto imeomba kibali cha kuupasua mlima ule, kuanzia upande wa magharibi, upande ambao kwenye maombi yao waliandika kuwa hauna kitu. Kamati ya wilaya ilipanga kukaa siku ya Ijumaa kuamua. Mkuu wangu wa kazi akafanikiwa kumpata Profesa mmoja wa mambo ya kale, aje auone mlima kabla ya siku hiyo. Akaniita ofisini.

"Holo," akaniambia, "Profesa anashuka Malampaka na treni ya Jumanne. Jumatano na Alhamisi ndizo siku zetu. Panga safari. Asipofika juu, Ijumaa hatuna cha kusema."

Nikatandika ramani mezani, nikachukua rula. Kutoka kijiji cha mwisho hadi chini ya mlima, upande wa kaskazini, palikuwa peupe kwenye karatasi, hakuna kilima wala msitu. Nikapiga mstari mmoja ulionyooka. Wiki moja kabla ya wageni nilikwenda na dereva wetu, Daudi, kukagua. Mbuga ilikuwa kavu, ardhi imepasukapasuka, ngumu kama sakafu. Nikasimama juu ya boneti, nikautazama mlima, nikaandika kwenye daftari: gari linafika, saa moja. Nikaona nimemaliza.

Wakati tunarudi tulimpita bibi mmoja amesimama mlangoni kwake, kando ya njia. Nikamsalimia kupitia dirishani, gari likitembea polepole. Akaitikia, akainua mkono kama mtu mwenye neno. Nikampungia, nikapandisha kioo kwa sababu ya vumbi. Sikufikiria tena habari zake.

Mwanangu, wewe una simu inayokuonyesha hadi paa la nyumba ya jirani yako. Mimi nilikuwa na rula. Lakini ninavyowaona vijana wa siku hizi mkipanga safari, naiona rula yangu ile ile mikononi mwenu.

Jumapili ikanyesha, Jumatatu ikanyesha tena. Jumanne tukampokea Profesa pale stesheni Malampaka, mzee wa miaka sitini na kitu, mpole, mguu wa kulia unamsumbua kidogo. Jumatano asubuhi tukaondoka Bariadi tukiwa na maji, kamera na vipimo vyake. Daudi alipoiona mbuga akasimamisha gari.

"Dada Holo, hii imelowa."

"Ni juujuu tu," nikamjibu. "Chini ni ngumu, niliikagua mwenyewe."

Hatukufika hata katikati. Gari lilianza kuyumba, likateleza ubavu, likazama hadi ekseli. Daudi alichimba, alikata matawi, alitia mawe. Kila alipokanyaga mafuta tulizidi kuzama. Saa nane mchana tulikuwa pale pale, na Profesa ndipo aliposhuka ili kupunguza uzito, kiatu kikabaki matopeni. Aliniangalia bila hasira. Ni afadhali angenifokea.

Ndipo nikamwona yule bibi wa mlangoni anakuja kwa mguu, akikanyaga palipo na majani tu, na nyuma yake mpwa wake, mwanamume mzima anayeitwa Limbu, anaswaga jozi mbili za ng'ombe wa kulimia. Jina la bibi yule lilikuwa Nkwimba. Hakuanza na gari. Alianza na salamu, kwa kila mtu, kwa zamu yake.

"Mwadila, baba," akamwambia Profesa. Profesa hakujua Kisukuma, lakini alijua kuheshimu, akainama kidogo akaitikia. Kisha Mayu Nkwimba, maana kwetu mama huitwa mayu, akanigeukia.

"Wewe ndiye binti wa dirishani."

Nikaangalia chini.

"Ulinisalimia gari linanguruma. Nikakuitikia, nikangoja uteremke. Nilikuwa na neno la kukwambia, maana niliona unautazama mlima. Ukafunga kioo."

"Nilikuwa na haraka, mayu. Nisamehe."

"Haraka ya kuja hapa?" akauliza, akinyoosha kidole kwenye magurudumu.

Daudi akashindwa kujizuia, akacheka. Limbu naye akacheka. Mimi machozi yalikuwa yananilenga. Ng'ombe wakafungwa minyororo, Limbu akawapigia mluzi, wakainamisha vichwa wakavuta, na lile gari la serikali likatoka matopeni kinyumenyume mbele ya macho yangu, ramani ikiwa bado imekunjwa vizuri kwapani.

Tulipofika kwake, Mayu Nkwimba alitupa maji ya kunawa na viazi vikavu vya kuchemsha. Nilidhani siku imekwisha na kazi imekwisha. Akaniketisha chini mbele yake.

"Kesho unataka gari lifike, au watu wafike?"

"Watu, mayu."

"Basi niambie hao watu. Nani anaumwa? Mnabeba nini? Mkifika juu mnataka kufanya nini?"

Nikamweleza. Mguu wa Profesa, masanduku ya vipimo, picha za michoro. Aliposikia picha akatikisa kichwa.

"Pango lile linatazama machweo. Asubuhi ni giza, huoni kitu. Jua likishavuka utosini ndipo linaingia ndani. Ungefika asubuhi ungepiga picha ya giza."

Profesa aliweka kikombe chini. "Mama, umeingia humo mara ngapi?"

"Tangu msichana mdogo. Bibi yangu alikuwa anapanda na maji ya kutambikia, mimi nabeba kibuyu. Alipofariki nikaendelea. Sijaacha."

Hapo tukapanga safari upya, na safari hii nilikuwa nauliza na kuandika tu. Gari libaki shuleni, kwenye udongo wa kichanga. Mizigo ibebwe na punda watatu. Tuzunguke kusini kufuata mgongo wa kichanga ambao ng'ombe huupita masika yote, tupumzike kwenye chemchemi, kisha tupande magharibi, kwa sababu asubuhi upande huo una kivuli. Kaskazini, kwenye mstari wangu wa rula, kulikuwa na jabali tupu ambalo likilowa hata nyani hupita mbali.

Palibaki jambo moja. Njia ile ilikatisha ngitili ya mzee mmoja, yale malisho yanayofungwa ili yaokoe ng'ombe wakati wa kiangazi, na mwenyewe alijulikana kwa ukali.

"Nenda ukamwombe," Mayu Nkwimba akaniambia. "Kwa miguu. Sasa hivi, kabla jua halijazama."

Nikaenda. Nilisimama nje ya boma la mzee yule, nikasalimia, nikangoja mpaka akanikaribisha. Nikamweleza kila kitu, pamoja na aibu ya kuzama. Alinisikiliza akiwa ananoa jembe. Mwishoni akasema, "Miaka yote watu wa ofisi wanapita hapa. Wewe wa kwanza kuniomba." Akatoa ruhusa, akatoa na punda wake mmoja, yule mwenye nguvu kuliko wote.

Alhamisi tuliondoka alfajiri. Mayu Nkwimba alikuwa mbele, miaka yake sabini na ushee, fimbo mkononi, hageuki nyuma. Profesa alipanda punda hadi mawe yalipoanza, kisha akashuka na kutembea. Tulipanda taratibu kwenye kivuli. Karibu na robo tatu ya njia mguu ukamgomea. Akakaa juu ya jiwe, uso umekunjamana.

"Holo, nadhani nimefika mwisho," akasema. "Nendeni mpige picha, mniletee."

Nikawaita wa mbele wasimame. Mayu Nkwimba akarudi, akakaa kando yake, akamkanda goti kwa mafuta aliyokuwa nayo kwenye kichupa. Tukapumzika wote. Ni katika kupumzika kule Profesa aliinamisha macho akaona alichokuwa amekalia. Akapapasa jiwe kwa kiganja. Akapapasa la chini yake, na la chini yake tena.

"Hizi ni ngazi," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akapaza: "Hizi ni ngazi! Zimechongwa! Hebu angalia zilivyolika katikati!"

Mwanangu, sijawahi kuona maumivu yakiondoka mwilini mwa mtu namna ile. Alisimama, akaanza kuangaza kila upande. Kulia kwetu kulikuwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo, umefunikwa na miti ya miiba. Chini ya ukuta kulikuwa na vigae vya vyungu, na mabonge meusi mazito ambayo mimi niliyaona kama mawe ya kawaida. Profesa akaniwekea moja mkononi. Ni takataka za chuma, akanieleza, chuma kilichoyeyushwa hapa na mafundi wa kale. Upande wote ule wa magharibi ulikuwa mahame, makazi ya watu waliohama zamani. Upande ule ule ulioandikwa kwamba hauna kitu! Na mimi, kwa rula yangu, ningempitisha kaskazini na tusingeona hata kigae kimoja.

Mayu Nkwimba alishangaa kwa kushangaa kwetu. "Si ndiyo njia?" akauliza. "Waliokuwa wanapanda wakaichonga ili wapande."

Tulifika pangoni saa sita na nusu. Tukakaa, tukala, tukasubiri. Jua likavuka, likaanza kutambaa kwenye sakafu ya pango kidogokidogo, likapanda ukutani. Wakatoka. Twiga wekundu, mmoja nyuma ya mwingine, shingo zao ndefu zimeinama mbele. Mnyama pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, mwenye mafuta shingoni. Watu wembamba wenye pinde, wanakimbia. Daudi alivua kofia. Profesa alikuwa anapiga picha huku machozi yanamtiririka na hayafuti. Mimi nilisikia sauti ikipasua mlima mzima: Mayu Nkwimba alikuwa anapiga vigelegele, na mimi nikampokea, tukapiga pamoja mpaka vikarudi kutoka kwenye majabali ya ng'ambo.

Ijumaa tulikuwa mbele ya kamati. Profesa akaweka vigae mezani, akaweka mabonge ya chuma, akasoma taarifa yake. Walipouliza nani aliyepanga safari iliyofichua haya yote, mkuu wangu akaninyooshea mkono kwa fahari. Nikasimama. Nikasema safari niliyopanga mimi ilizama mbugani, na aliyepanga iliyofika amekaa pale karibu na mlango. Wakamwita mbele. Mayu Nkwimba aliusimulia mlima ule kwa Kisukuma chake, jiwe kwa jiwe, na hakuna aliyemkatiza. Kibali kilikataliwa siku hiyo hiyo. Kampuni ikaonyeshwa kilima kingine kisicho na historia, ikaridhika. Tulipotoka nje, watu waliofuatana naye kutoka kijijini walikuwa wanacheza ngoma, na yeye katikati yao, kanga kiunoni, na Profesa mwenye goti lake bovu anamfuatisha.

Baada ya hapo nimepanga safari nyingi za kwenda Ng'wabita na kwingine: za watafiti, za walimu, za wageni wa mbali. Sijampoteza mtu hata mmoja. Mwaka jana nilipanda na wanafunzi wa shule mbili, nao wakafika wote, wakapiga vigelegele wenyewe bila kufundishwa.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ramani isome, simu yako itumie, ni vitu vizuri. Lakini kabla hujapiga mstari, teremka garini. Msalimie mtu uso kwa uso, na usubiri amalize anachotaka kusema, hata kama hujui kinahusu nini. Waulize wanaoishi hapo mvua inafanya nini, jua linaingia wapi na saa ngapi, ardhi ya nani unakwenda kuikanyaga, ukamwombe ruhusa kwa miguu yako. Mpangie safari yule aliye mnyonge kuliko wote katika msafara. Ukikosea, sema mapema, mbele ya watu, na aliyekuokoa mtaje kwa jina. Hakuna sifa utakayopungukiwa. Mimi nilimtaja Nkwimba miaka hiyo yote, na bado kazi nilipewa.

Nenda basi, na Mungu akutangulie. Akupe miguu isiyochoka na masikio yanayosikia. Akufikishe juu na watu wako wote, mkae pale juani mle chakula chenu mkiitazama nchi yenu hadi macho yashibe, kisha akurudishe nyumbani ukiwa na jambo la kutusimulia.