Kahawa ya Mektrida

Dominika alikuwa wakili wa kwanza kutoka kitongoji chao cha Uru. Siku aliyoapishwa, mama yake, Mektrida, alisafiri hadi Dar na viatu vipya vilivyombana, akakaa mbele kabisa. Baadaye Dominika alifungua ofisi mjini Moshi, juu ya duka la vitambaa la Bi. Avni, akawa anaendesha kesi za mirathi na mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Hizo alizijua vizuri.

Mektrida na wanawake wenzake kumi na wanne walikuwa na kikundi cha kahawa. Walichuma buni zilizoiva tu, wakaziosha na kuzianika wenyewe, na kwa kuwa yeye ndiye aliyewakusanya, kahawa ikapewa jina lake. Kampuni moja ya Ulaya iliinunua misimu mitatu mfululizo. Wageni kutoka kampuni hiyo walikuja wakala kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, nyumbani kwa Mektrida, wakapiga naye picha.

Msimu wa nne, rafiki wa kikundi aliyeishi Ujerumani alimwandikia Dominika kwamba kampuni ile imeomba jina "Mektrida" liwe alama yake ya biashara kule, na kwamba kuna miezi mitatu ya kuweka pingamizi. Dominika hakushtuka. Jina lilikwisha kusajiliwa Dar, fomu alijaza yeye mwenyewe. Aliiandikia kampuni barua kali, akaambatanisha cheti, akarudi kwenye kesi zake. Hakujibiwa. Alipoanza kuingiwa na wasiwasi alimpigia simu mwanasheria mmoja wa Nairobi, akaambiwa kwa upole kwamba cheti cha Tanzania kinaishia mpakani. Muda ulikuwa umepita kwa siku kumi na moja.

Jumapili ile alipanda Uru, akamweleza mama yake yote bila kuficha kosa lake. Mektrida alikuwa akimenya ndizi.

"Kwa hiyo huko jina langu si langu," alisema.

"Kwenye kahawa, Mama. Tukipeleka gunia lenye jina hilo litazuiwa."

"Na hili hamkufundishwa?"

"Hatukufundishwa."

Mektrida hakumgombeza. Aliendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha, na Dominika akatamani kama angegombezwa.

Kikundi kilijaribu jina jingine, lakini wanunuzi hawakulijua. Wanawake wakaanza kujitoa mmoja mmoja, kahawa yao ikarudi kuchanganywa na ya watu wote. Mwaka wa pili Mektrida alikata mibuni yake, akapanda parachichi. Dominika alipata habari kwa jirani.

Ndipo alipokwenda chuoni kumwona Dokta Efraimu, mwalimu wake wa zamani. Alimwamkia shikamoo, akamsimulia, akamwomba sheria za biashara ya nje ziwe somo la lazima.

"Zilikuwa sura ya mwisho ya kitabu," alisema mzee. "Hatukuwahi kuifikia hata mwaka mmoja."

Aliahidi kulisukuma. Vikao vilichukua miaka mitatu. Wakati huo wote Dominika alifundisha somo hilo bure pale chuoni kila Jumamosi, wakati mwingine wanafunzi wanne tu, akisoma usiku kile atakachofundisha asubuhi. Alitaka siku moja ampeleke mama yake darasani akaone. Mwaka wa tatu, mwezi wa sita, Mektrida aliugua mapafu, akalazwa hospitali ya Mawenzi siku tisa, akafariki. Somo lilipitishwa mwezi wa kumi.

Katika kipindi cha kwanza Dominika aliwaeleza wanafunzi habari za mama mmoja mkulima wa kahawa, bila kumtaja jina. Kijana aitwaye Wenseslaus alinyoosha mkono, akauliza kama yule mama alikuja kurudishiwa jina lake.

"Hapana," alisema Dominika. "Wakili wake alichelewa."

Wanafunzi waliandika hilo kwenye madaftari yao. Yeye aligeukia ubao, akachukua chaki, akaandika: miezi mitatu.