Kisigino cha Dada na Saba ya Wachamu

Tulimzika dada yangu bondeni, upande wa Muze, mvua zikiwa zimekolea, na kesho yake nikapanda tena mlima na kuingia darasani. Walimu wenzangu wakanong'onezana kwamba nina moyo mgumu. Moyo gani! Nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa mpaka hujui ni wako au wa jirani. Nilisahihisha madaftari, nikala, nikafua. Sikutoa hata chozi moja, na kusema kweli nilijichukia kwa hilo.

Mama hakushuka mazikoni. Alibaki nyumbani kwetu Mazwi, huku juu Sumbawanga, akipepeta ulezi. Tangu dada aolewe na Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, mama hakuwahi kufika huko hata siku moja. "Amekwenda kwa watu ambao hata maneno yao siyajui," alisema, na mjadala ukafungwa. Hata sasa hakumlilia mwanawe kwa sifa, kama watu wengine wanavyolia. Alimtaja kwa makosa. Alikuwa anazidisha chumvi. Alikuwa anachelewa misa. "Alikuwa akimaliza tuta analikanyaga kwa kisigino, nimemchapa mpaka nikachoka mwenyewe," alisema mama. Hayo ndiyo yalikuwa matanga yetu.

Wiki mbili baadaye shemeji alipanda na lori la samaki wakavu, amemshika mkono binti yake wa miaka sita. Hakutaka hata kukaa.

"Shemeji," aliniambia, kofia mkononi, "malisho yamebana. Tukishavuna mpunga tunahama na mifugo, tunakwenda mbali, kusini huko. Bibi yake akimpokea, mtoto abaki hapa asome. Asipompokea, nitampitia. Siwezi kumwacha mtoto mahali asipotakiwa."

Nilijua maana yake. Wakishahama, mtoto wa dada yangu hatutamwona tena.

Nisimsingizie mama. Alimlisha yule mtoto, alimwogesha kwa maji ya moto, alimpa blanketi lake zito maana baridi ya Sumbawanga haina huruma kwa mtu wa bondeni. Lakini alimwita mgeni. "Mgeni ameshakula?" "Mgeni avae viatu." Nyumbani kwetu kilikuwa ni Kifipa tu, Kiswahili mama alikitumia ofisini na hospitali, basi. Mtoto alikuwa na Kisukuma chake na Kiswahili cha kuokoteza. Alikaa kimya kutwa, halafu namsikia nyuma ya jiko anazungumza Kisukuma na kuku.

Mimi nilijificha kwenye kitabu. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, soko limefurika redio, sabuni za kila rangi na marobota ya mitumba. Nilikuwa nimenunua koti la kiume, kubwa, na mfukoni mwake nikakuta kijitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Kilihusu lugha za visiwa vya mbali, Kimalei na nduguze, ukoo mmoja ulioenea baharini mpaka ukatua Bukini, kile kisiwa kikubwa cha upande wetu wa Afrika. Kwa nini nilikisoma? Kwa sababu hakikuwa na mtu yeyote niliyemjua.

Humo ndimo nilimowakuta Wachamu. Wazee wao walivuka bahari kutoka visiwani, wakahamia pwani ya Vietnam, katikati ya watu wa ukoo mwingine kabisa wa lugha. Wakaishi nao, wakaoana nao, wakaazima maneno yao mpaka maneno yao wenyewe yakafupika na sauti ikabadilika kooni. Wataalamu wa mwanzo walipowasikia, baadhi wakawaandika kuwa ni ukoo wa majirani. Wakakosea. Maneno ya ndani ya nyumba yalikuwa bado ni ya kule walikotoka: jicho kwa Kichamu ni mata, kwa Kimalei ni mata, na hata Bukini ni maso.

Wee! Nikajiona nimeokota dawa. Jumapili baada ya misa nikamkalisha mama, nikamweleza yote.

"Wachamu ndio akina nani?" akauliza. "Wanalima nini?"

"Mpunga, nadhani."

"Basi ni Wasukuma hao."

Sikukata tamaa. Nikamwambia: mama, sisi tunasema umuntu, Wasukuma wanasema munhu. Sisi umwana, wao ng'wana. Huoni kwamba ni kitu kimoja?

Mama akaniangalia kwa yale macho anayomwangalia muuza nyanya mdanganyifu. "Hata Wamambwe wanasema hivyo. Hata Wabemba wanasema hivyo. Mbona hujaniletea watoto wa Wabemba niwalee?"

Mwalimu mzima, nimefungwa mdomo na mwanamke aliyeishia darasa la nne. Na kibaya zaidi, niliporudi kwenye kitabu nikakuta kinamuunga mkono yeye. Kurasa za mbele zilisema hivi: kitu walichokihifadhi wote hakikuonyeshi nani ni ndugu wa karibu wa nani, maana ukoo mzima unacho. Ukitaka kumjua wa tumbo moja, tafuta walichokibadilisha pamoja, ile njia waliyopotea wawili wenzao wakabaki barabarani. Mfano wake ulikuwa namba saba. Ukoo mzima wa visiwani unasema pitu, au fito kule Bukini. Wamalei wakaliacha, wakashika tujuh, eti kutokana na kidole cha kuonyeshea, kile unachokifikia ukihesabu mkono wa pili. Na Wachamu, huko ugenini kote, wanasema tajuh. Kwa hiyo Wamalei na Wachamu waliachana na wengine wakiwa bado pamoja.

Nilielewa vizuri kabisa. Haikunisaidia chochote. Nilikifunga kitabu nikaenda kupika, na siku zikaendelea kupungua.

Mwezi wa tatu tulikwenda shamba, mama, mimi na mgeni. Ndio wakati wa ntumba, yale matuta yetu ya duara. Unakata bonge la udongo pamoja na majani yake, unalilaza majani yakiwa yameangalia ndani, unazungusha, unafunika kwa udongo. Majani yanaozea humo, juu unapanda maharage, na mwaka unaofuata unalitawanya unapanda ulezi. Udongo wa juu lazima uwe laini, usiguswe. Kule bondeni hawafanyi hivi.

Mtoto alipewa kijembe kilichokatika mpini ili asituzonge. Akaenda pembeni. Mimi nililima bila kufikiri, mgongo unauma, nikashukuru walau kuna kitu kinauma.

Nikasikia jembe la mama limenyamaza.

Mtoto alikuwa amejenga ntumba. Dogo, limepinda, lakini majani yote yameangalia ndani. Akalipapasa kwa viganja. Kisha akageuka, akainua mguu, na kwa kisigino akalididimiza juu, mara mbili, kwa nguvu zake zote.

Mama alimfuata akiwa ameshika jembe. Wallahi nilidhani anamchapa. Akasimama mbele yake, na kwa Kiswahili, ambacho sikuwahi kumsikia akimsemesha nacho, akauliza:

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Mama."

"Mlikuwa mnajenga wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Mawili tu. Baba anacheka."

"Na huku kukanyaga? Hakukuchapa?"

Mtoto akashangaa swali lenyewe. "Hapana. Yeye anakanyaga, na mimi nakanyaga. Halafu anacheka, anasema bibi yako angekuwepo hapa angetuchapa wote wawili."

Mama akaketi chini, pale pale kwenye udongo wa mvua, na kitenge chake kizuri. Akaushika ule mguu mdogo kwa mikono miwili, akaanza kuufuta tope, anafuta tu, na mguu umeshatakata. Hapo ndipo alipomlilia mwanawe. Alilia kwa sauti iliyowaleta majirani wa mashamba matatu. Na mimi nilisimama nikiwaangalia, macho makavu, nikiwaza kwamba miaka yote ile dada alikuwa anacheka na mama huko bondeni, na mama hayupo.

Mwezi wa sita shemeji alikuja kumpitia binti yake. Alimwamkia mama shikamoo, na mama akaitikia marahaba, akamwekea kiti, akamwambia: "Mjukuu wangu anabaki. Wewe nenda na ng'ombe zako salama, na ukipata nafasi uje umwone."

Maharage ya lile tuta dogo yaliota miche mitatu tu, myembamba, udongo ulikuwa umeshindiliwa. Msimu uliofuata tulipokuwa tunatawanya matuta ili tupande ulezi, nilifika pale na jembe langu. Mama akaniambia niliache kama lilivyo. Nikainama kulitazama, na nilipoiona ile alama ya kisigino imekauka juu yake, nikalia.