Koti la Chef

Hata leo nikikutana na mke wa mkubwa wetu sokoni Uvira, ninainama kama mtu anayetafuta kiatu chake, na viatu vyangu vyote viko miguuni. Heri niseme mwenyewe kwa nini, maana wengine wanaisimulia habari hii vibaya.

Vita vilikuwa vimetutoa Kiringye, nami (niliyeishia darasa la sita) nikapata kazi Uvira katika chama kidogo kilichosaidia waliokimbia kutafutana. Niliandika ujumbe wa watu kwenye serveur, mashine kuu ya chama: fulani wa Sange anamtafuta mama yake, fulani yuko mzima. Kila asubuhi tuliwasha programu ndogo, nayo ikatuma ujumbe kwenye simu za wasimamizi wa kambi na vijiji ili wawasomee watu, na chini ya kila ujumbe ikaandika jina la aliyetuma. Lakini mashine haikukubali kutuma mpaka uombe nguvu za mkubwa. Kila mmoja aliingia kwa jina lake, kisha akaandika neno moja, na tangu hapo mashine ikamwona kuwa yeye ndiye Chef, yaani mkubwa wetu. Sisi tulisema amevaa koti la Chef. Basi ujumbe wote, wa yeyote kati yetu, uliishia na jina hilo moja: Chef.

Mimi nililipenda koti hilo. Mtu wa haya akipata mahali pa kujificha, anakaa.

Asubuhi moja ziwa lilitulia hata milima ya Burundi ikaonekana imesimama juu ya maji, nami nikamwona humo Neema, msichana wa kijiji chetu, au nilidhani ninamwona, jinsi tulivyotembea pamoja siku ile ya kukimbia, tukagawana muhindi mmoja wa kuchoma, kisha watu wakajaa barabarani na sikumwona tena. Vidole vikaandika vyenyewe (polepole, ndivyo ninavyoandika): "Neema wa Kiringye, utamu wa ule muhindi bado uko mdomoni mwangu. Kama uko mzima, jibu." Nikavaa koti, nikatuma.

Kabla ya saa sita mke wa mkubwa wetu, Mama Zawadi, ambaye alikuwa msimamizi wa kambi, aliingia na simu mkononi, nyuma yake wanawake sita, na foleni yote ya nje ikahamia dirishani. Hakupaza sauti.

"Papa Zawadi, Neema ni nani?"

Mkubwa akasema hamjui Neema yeyote. Mama akauliza basi muhindi alikula na nani. Akajibu kwamba yeye hali muhindi, meno yanamuuma, jambo ambalo mkewe alilijua vizuri, lakini siku hiyo halikumsaidia. Mimi nilikuwa ninafuta vumbi mahali pasipo na vumbi.

Ndipo Yvette, fundi wetu, akasema kwamba programu inauliza tu wewe ni nani sasa hivi, na aliyevaa koti atajibu Chef. Tuulize alikuwa nani alipopita mlangoni pa mashine kwa jina lake, kabla ya koti. Hilo mashine inalitunza. Akatafuta kidogo. Kwenye kioo likatoka jina langu, bahati, kwa herufi ndogo zote.

Mama Zawadi akanigeukia. "Weye? Weye mwenye kujibu salamu na kichwa tu?"

Dirisha lote likacheka. Mkubwa akajipangusa jasho. "Kumbe mu koti yangu mulikuwa muntu," akasema.

Yvette akaibadilisha programu iandike jina la mlangoni, na kesho yake tukatuma masahihisho: anayemtafuta Neema si Chef, ni Bahati. (Kambi zote zikasomewa.) Siku mbili baadaye likaja jibu kutoka Makobola, Yvette akalisoma mbele ya watu wote:

"Niliposikia Chef ananitafuta, nilifunga mizigo nikimbie tena. Miye Chef ninaojua ni wale wa barrière, wanaofunga barabara na bunduki. Bahati ninamujua. Nimefungua mizigo. Na nusu kubwa ya muhindi ulikula weye."

Wakacheka tena, lakini mimi nilikuwa nimekaa chini, ninauona ule mzigo uliofungwa, na barabara ya Fizi, na mgongo wa Neema ukipungua kwa mbali kwa sababu ya jina nililojifichia.

Sijifichi tena ndani ya koti hilo. Sasa jina langu naliandika hata kwenye ndoo ya maji, na B kubwa. Kambini wananiita Chef Muhindi, nami ninaitika kwa sauti, ila kama Mama Zawadi yuko karibu, hapo bado ninatafuta kiatu.