Walioimba Kwenye Lori

Mimi ni mtu wa haraka. Mama alikuwa akisema nilizaliwa wa miezi saba, na tangu siku hiyo sijatulia. Darasani sikai kitini. Natembea kutoka ubaoni mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka kwa yule anayesinzia nyuma, na chaki inaniishia mkononi kabla kipindi hakijaisha. Nafundisha historia kidato cha nne hapa Bagamoyo. Karne ya ishirini yote naipitisha mbio mbio: Mjerumani, Mwingereza, vita viwili, uhuru, vijiji vya ujamaa, halafu mtihani. Wanafunzi wangu wanachotaka ni hoja sita na utangulizi. Ukiwaambia jambo lisilokuja kwenye mtihani, kalamu zinawekwa chini.

Kwenye vijiji vya ujamaa ndipo nilipokuwa nikijidai. Kila mwaka tukifika hapo nafunga kitabu, nawasimulia habari za baba yangu. Baba alikuwa dereva wa lori la serikali miaka ile watu walipotolewa mashambani kwao wakapelekwa kuishi pamoja vijijini. Njia zote za Lugoba na Msata alizipita, amebeba watu na vinu vyao na kuku wao. Na tangu nikiwa mdogo aliniambia neno moja: watu waliimba. Lori linaingia kijijini, nyuma ni nyimbo tupu. Nikisimulia hivyo darasa linanyamaza, nami najiona mwalimu kweli kweli, si msoma kitabu.

Mwaka jana, likizo ya Juni, nikawapa kazi. Kila mmoja akamuulize mzee wa kwao jambo moja aliloliona kwa macho yake, aandike kurasa mbili, tena kwa Kiswahili. Wakashangilia, maana historia tunaifundisha kwa Kiingereza na wengi wao Kiingereza kinawakaba koo. Waliporudi nikajifungia ofisini na rundo la madaftari, kalamu nyekundu na chai iliyopoa. Wengine walikuwa wamenakili mtandaoni bila haya. Mmoja aliandika kwamba babu yake alihudhuria, eti, mkutano wa Berlin. Nilicheka mpaka walimu wenzangu wakauliza kulikoni.

Kisha nikafungua daftari la binti mmoja mpole, anayekaa hosteli, kwao ni kijiji kimoja kabla hujafika Msata. Mama yake yuko Dar anahangaika na maisha. Aliyemlea ni bibi yake. Aliandika hivi: "Bibi anasema ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Nyumba yao ilibomolewa alasiri, chungu cha futari kikiwa jikoni. Wakapakiwa kwenye lori. Waliambiwa wakikaribia kijiji kipya waimbe, kwa sababu wakubwa walikuwa wanawasubiri. Bibi anasema aliimba, na mtoto mgongoni analia."

Damu ikanipanda. Sikufikiri hata dakika moja. Nikaandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa kubwa: "Si kweli! Watu waliimba wenyewe kwa hiari yao. Bibi yako anakudanganya." Nikampa nane kwa ishirini, nikavuta daftari jingine.

Mwezi wa tisa wanafunzi wakaenda nyumbani mapumziko mafupi. Wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Wiki ya kwanza nikasema labda homa. Wiki ya pili matroni akapiga simu, haipokelewi. Mtihani wa taifa ulikuwa Novemba, jina lake limeshapelekwa, na asipoketi ndiyo basi tena, miaka minne imekwenda na maji. Nikamwita rafiki yake pembeni, nikambana. Yule mtoto akatazama chini, akasema, "Mwalimu, bibi yake amemkataza. Amesema mjukuu wake hasomi kwa mtu anayemwita yeye mwongo."

Mama wee!

Akanieleza yote. Kumbe bibi hajui kusoma. Alikuwa amefurahi kuulizwa, hakuna aliyewahi kumuuliza. Daftari lilipofika nyumbani akaketi kwenye mkeka akamwambia mjukuu, nisomee, mwalimu kasemaje? Mtoto akajaribu kuruka. Bibi akaweka kidole kwenye wino mwekundu: "Hapa pana maneno, mbona unanyamaza? Soma." Akasoma.

Mtu asiye wa huku anaweza kuona ni jambo dogo. Huku kwetu mtu mzima humwambii anadanganya. Hata akikwambia jana aliliona jua likichomoza magharibi, unasema, "Labda umesahau, bibi," na hilo nalo unalisema kwa sauti ya chini. Mimi nililiandika, tena kwa nyekundu, nikalitia na alama ya mshangao. Siku hizo sikukaa. Nilifagia uwanja uliofagiliwa, niliosha vyombo safi, nilianza kusahihisha mitihani nikaiacha katikati. Maji yakishamwagika hayazoleki, lakini mtoto wa watu yuko nyumbani anachambua kunde kwa sababu ya ulimi wangu.

Jumamosi nikapanda gari la Msata, nina doti ya kanga na kilo mbili za sukari. Nilimkuta bibi barazani, mwembamba, kajitanda kanga mpaka kichwani, anakuna nazi. Nikamwamkia shikamoo. Akakuna kwanza mpaka nazi ikaisha, ndipo akasema, "Marahaba. Ndiye wewe mwalimu? Nilidhani mwanamume, kwa kalamu ile."

"Ndiye mimi, bibi. Nimekuja kukuomba radhi."

Akatazama nyuma yangu, barabarani. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Huna kwenu?"

Nilielewa alichokuwa akisema. Mtu akimkosea mtu mzima, hasimami mwenyewe kama muuza karanga. Anakuja na mkubwa wake, mkubwa ndiye anayesema, na mkosaji ananyamaza. Mimi na shahada yangu nilikuwa nimekuja kama mtu wa kupita.

"Nenda kamlete mkubwa wako," akasema. "Hizo kanga rudi nazo. Sukari waachie watoto, wameshaiona."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, hakuthubutu kunisogelea. Nikarudi Bagamoyo nimekunja uso njia nzima, maana mkubwa wangu ni mmoja tu. Wajomba wamekwisha, mama hayupo. Aliyebaki ni baba, dereva wa lori.

Baba anakaa kwangu tangu mama alipofariki. Anashinda barazani na redio yake, anabishana na mtangazaji. Nilimweleza yote, daftari, chungu cha futari, radhi. Akasikiliza bila kuzima redio. Mwisho nikamuuliza, "Baba, si waliimba wenyewe?"

"Waliimba."

"Wenyewe?"

"Mimi nilikuwa mbele nimeshika usukani," akasema. "Dereva hatazami nyuma."

"Baba, nimekuuliza swali jingine."

Akainuka, akachukua kofia yake, akaenda msikitini. Adhuhuri ilikuwa bado saa nzima.

Siku tatu hatukusemezana ila kwa "chakula tayari" na "nimeshiba". Nikipita barazani anaongeza sauti ya redio. Siku ya nne nikashindwa, nikamwambia kwa ukali, na Mungu anisamehe, "Mtoto wa watu anakosa mtihani, na wewe umekaa hapo! Kwenda tu, ukae, useme samahani, kuna nini?"

"Nikienda atanijua."

"Atakujuaje? Madereva walikuwa wangapi?"

"Sikusema atanijua uso," akasema baba.

Nilimwangalia. Hakuniangalia. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu habari zote ninazowapa wanafunzi wangu zilitoka kinywani mwa mtu huyu, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja alijuaje. Mwalimu wa historia! Watoto wa watu nawaambia kila siku, usipokee habari bila kuipima. Mkuki kwa nguruwe.

Jumamosi ya pili yake nilipoamka nilimkuta yuko tayari. Kanzu imepigwa pasi, kofia, viatu vyeusi vya Idi. Garini alikaa mbele, karibu na dereva, na njia nzima mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo. Kila kona alimwambia yule kijana apunguze. Yule kijana akasema, "Mzee, hii njia naijua." Baba akamjibu, "Mimi niliijua kabla ya lami."

Bibi alitukaribisha ndani safari hii. Mkeka umetandikwa, binti kaleta kahawa, kaketi pembeni na kichwa kimeinama. Baba akamwamkia bibi shikamoo, ijapokuwa nadhani umri wao ni mmoja. Kisha akakohoa, akaanza kama inavyopasa.

"Nimekuja na mtoto wangu. Amekukosea. Mtoto akikosa, mwenye kosa ni mzazi. Tunakuomba radhi."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Yangekwisha hapo. Nilikwisha kuvuta pumzi, nilikwisha kuanza kuhesabu vipindi vilivyobaki mpaka Novemba. Baba hakuinuka.

"Tena kosa lenyewe kalipata kwangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mliimba."

"Na wewe ulikuwa wapi ukajua?"

"Kwenye usukani."

Binti akainua kichwa. Bibi akaweka kikombe chini taratibu. Nilitaka kumkatiza baba, nilitaka kusema basi inatosha, twende tukawahi gari. Mikono yangu ilikuwa inakunjua na kukunja pindo la mtandio.

"Hamkuwa mnaanza hivi hivi," baba akasema. "Mlikuwa mnaanza mkisikia honi."

"Ndiyo," akasema bibi. "Mara mbili. Askari alituambia tukisikia honi mara mbili, tuanze. Atakayenyamaza, vyombo vyake vitabaki kwenye lori."

"Mpigaji nilikuwa mimi. Niliagizwa nikiteremka mlima, kijiji kikionekana, nipige mara mbili. Nilipiga kila safari. Hakuna safari niliyoacha." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa kijana, nafurahia gari. Nyumbani nikasema mliimba. Mke wangu akafurahi, watoto wakafurahi. Nikaendelea kusema hivyo hivyo."

Nilimwonea aibu, nikamwonea huruma, na hasira ikanishika, vyote pamoja. Alikuwa amekaa na jambo hilo tangu kabla sijazaliwa, na mimi nikalichukua nusu yake nikawa nawalisha watoto darasani, kila mwaka, nimefunga kitabu kwa mbwembwe.

Bibi hakulia wala hakupaza sauti. Alimtazama baba muda mrefu, kama anayepima nguo. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe nimekuridhia. Mtoto, nenda ukafunge begi lako, unaondoka na mwalimu wako leo." Akavuta mkeka upande wake. "Huyu niachie. Mimi na yeye bado."

Tukatoka, mimi na binti. Alikuwa anakunja sare zake haraka haraka, anazisukumiza begini, na mimi nilikuwa nazunguka uwani kutoka kinu mpaka banda la kuku. Kutoka ndani sikusikia ila sauti ya bibi, haipandi wala haishuki, na kimya cha baba. Binti akaja na begi mgongoni na daftari mkononi.

"Mwalimu, likija swali la vijiji kwenye mtihani, niandike nini?"

Nilitaka kumjibu kwa wepesi, kama kawaida yangu, nikakuta sina wepesi. Nikamwambia, "Andika zile hoja sita wanazozitaka. Ukimaliza, andika hii ya bibi iwe ya saba."

"Na wakiinyima alama?"

"Wataikata. Iandike."

Nikalichukua daftari lake, nikakata maneno yangu yote mekundu kwa mstari mmoja, nikaandika chini yake kwa kalamu ya kawaida: "Nimekosea. Mwombe bibi akuelezee zaidi." Alama nikaiacha kwanza, kwa sababu kwa kweli sikujua ni ngapi.

Baba alitoka alasiri inaingia. Viatu alivishika mkononi, akasahau kuvivaa mpaka nilipomwonyesha. Tukatembea kwenda barabarani, binti mbele na begi lake, sisi nyuma, na malori ya Segera yanatupita kwa mbali. Mimi nisiyeweza kunyamaza nilinyamaza mpaka kituoni. Hapo nikashindwa.

"Amekusamehe?"

"Hapana," akasema baba. "Kasema hajanisamehe. Kasema nirudi Ijumaa, hajamaliza kunieleza."

"Utakwenda?"

Gari likaja, hakunijibu. Safari hii hakutaka kiti cha mbele. Alikaa nyuma kabisa, dirishani, anatazama njia inavyobaki nyuma yetu.

Ijumaa nilitoka shule mapema ili nimpeleke. Nilikuta redio imezimwa, na jirani akaniambia mzee aliondoka baada ya sala, kavaa kanzu, hakutaka kusubiri mtu.